Nilivyovuka loki 17 za mfereji wa Rideau na baba

Baba yangu amevua Tumbatu na Mkokotoni kwa zaidi ya miaka 40, na katika miaka yote hiyo sikumbuki hata siku moja aliyonikabidhi usukani. Kaka zangu walipewa. Mimi nilipewa kopo la kufulia maji yaliyoingia chomboni. Kwa hiyo alipokuja kunitembelea Ottawa mwezi wa Julai, akakuta boti ya futi 18 iko uani juu ya trela, na mashine ya Yamaha 40 nyuma yake, hakuuliza bei. Aliuliza, "Anaiendesha nani?"

"Mimi, baba."

"Na mumeo?"

"Mume wangu anavuta trela."

Nikamwonyesha kadi. Kanada mtu haendeshi boti ya mashine, hata ya kutembelea tu, mpaka awe na kitu cha kuthibitisha kwamba anaujua uendeshaji, na wengi wetu tuna kadi hii inayopatikana kwa mtihani. Mimi niliufanya kwa intaneti, jikoni, watoto wakiwa wamelala. Baba aliigeuza kadi mbele na nyuma.

"Bahari umeisomea kwenye kompyuta," akasema, akanirudishia.

Safari niliyokuwa nimeipanga ilikuwa ya siku tano: kutoka mji wa Smiths Falls hadi Kingston, kwenye mfereji wa Rideau. Mfereji mzima una kilomita 202, kutoka Ottawa hadi Ziwa Ontario. Ulifunguliwa mwaka 1832, na aliyeusimamia ni mhandisi wa jeshi la Uingereza, Kanali John By. Waingereza walikuwa wametoka kwenye vita na Wamarekani vilivyoanza mwaka 1812, wakaogopa kwamba siku nyingine Wamarekani wangewafungia mto St. Lawrence, wakajitengenezea njia ya uani. Ukisikia "mfereji" usifikirie mtaro ulionyooka. Sehemu kubwa ni mito na maziwa yaliyounganishwa, na kwa vile maji hayo hayalingani kwa kimo, wakajenga loki.

Loki ni chumba cha mawe chenye malango makubwa mbele na nyuma. Unaingia na boti, wanafunga nyuma yako, wanafungua vilango vidogo vya chini, maji ya upande wa juu yanaingia yenyewe, na boti inapanda taratibu mpaka ilingane na ng'ambo ya pili. Wakati wa kushuka ni kinyume chake. Hakuna pampu. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza baba kwa michoro, lakini loki ya kwanza pale Smiths Falls ilinipunguzia kazi. Alitazama ukuta ukizama pembeni yake jiwe baada ya jiwe, akasema, "Kumbe ni maji kujaa na kupwa. Ila hawa wameyafungia chumbani."

Tangu siku hiyo nami nawaelezea watu hivyo hivyo.

Msimu pia aliuelewa haraka kuliko nilivyouelewa mimi nilipofika. Loki hufunguliwa wikiendi ile ya Mei yenye sikukuu ya Malkia Victoria, na hufungwa Jumatatu ya pili ya Oktoba. Baada ya hapo maji hupunguzwa, baridi inaingia, na kipande cha katikati ya Ottawa kinageuka uwanja wa barafu wa kilomita 7.8 ambapo watu huteleza kwa viatu vya chuma kwenda kazini. Kwake yeye ni kama kusi kali: chombo kinapandishwa, kinatiwa kalafati, kinapakwa, mtu anangoja upepo ugeuke.

Sasa mambo ya kamba, maana ndiyo yaliyonitoa jasho. Mashine si shida. Ndani ya loki unaizima kabisa, na moto wowote hauruhusiwi, hata sigara. Ukutani kumening'inia nyaya nene zilizovishwa plastiki, kutoka juu hadi chini. Unapitisha kamba yako nyuma ya waya, unarudisha ncha mkononi, basi. Maji yakipanda au yakishuka, kamba inateleza kwenye waya. Mmoja anakaa omo, yaani mbele, mwingine tezi, yaani nyuma, na kazi yenu ni kuishika boti isiende mbele wala nyuma, hasa maji yanapoanza kuingia kwa nguvu. Nilinunua glavu, nikafunga dafrao sita za kukinga ubavu wa boti, tatu kila upande, kwa sababu ukuta ule ni wa mawe ya miaka karibu 200 na haujui rangi ya boti yako ilikugharimu nini.

Kabla ya hapo unafika kwenye gati la kungojea. Kipande chake kimepakwa mstari wa buluu, na ukiegesha hapo wafanyakazi wanajua unataka kupita. Hupigi honi wala hupigi kelele. Mara yangu ya kwanza, mwaka uliotangulia, niliegesha nje ya mstari huo nikakaa muda mrefu nikilaumu huduma, kumbe wao walidhani napumzika nile chakula changu.

Loki za kupanda zilikuwa tatu tu. Ya pili inaitwa Poonamalie, jina lililoletwa kutoka kambi ya Waingereza kule India, na baba aliposikia alisema hilo ni jina la dukani. Kwenye sehemu nyembamba mwendo usizidi kilomita 10 kwa saa. Kijana wa baiskeli alitupita kwenye njia ya kando, akatupungia mkono. Baba hakumpungia.

Big Rideau ndipo alipochangamka. Ni ziwa kubwa, na siku hiyo upepo ulikuwa wa mbele. Mawimbi yake ni mafupi, yanakuja mbio mbio kama watoto walioachiwa madrasa. Alikwenda kukaa omo, kofia mfukoni, akinipigia ishara kwa mkono: punguza, mpe ubavu kidogo, sasa twende. Nilifuata kila ishara. Jioni alivua samaki wawili wa aina ya bass, maana leseni nilikuwa nimemkatia, tukawakaanga kwa ndimu na pilipili. Alikula wote akasema hawana ladha, wamekulia maji baridi.

Loki ya tatu, Narrows, inakupandisha kama mita moja tu, na hapo ndipo unapoingia ziwa la Upper Rideau, kilele cha mfereji. Kutoka Ottawa hadi hapo umepanda mita 83. Kwenda Kingston unashuka 50.

Tulifika Newboro loki imeshafungwa, tukapiga hema kwenye nyasi, jambo linaloruhusiwa ukiwa na kibali. Baba akauliza Kibla. Simu ikasema kaskazini-mashariki. Hakuiamini. Kwetu Unguja tunaelekea kaskazini, na yeye alikuwa amejiwekea kwamba ukishaletwa magharibi yote hii basi Makka ni mashariki moja kwa moja. Tulibishana mpaka nikakumbuka kumwambia dunia ni duara na ndege yake ilipita karibu na Greenland. Akaswali.

Newboro ina makaburi ya zamani ya watu waliofanya kazi kwenye mfereji. Hapo palikuwa na shingo ya mwamba iliyokuwa lazima ikatwe, na watu wakaugua sana. Katika ujenzi mzima wanakadiriwa kufa watu kama 1,000, wengi wao vibarua kutoka Ireland na Wakanada wa Kifaransa, na mojawapo ya magonjwa yaliyowamaliza ni malaria.

"Malaria?" baba akasema. "Huku kwenye barafu?"

Ndiyo. Kiangazi hapa kina joto, mabwawa yapo, na mbu wa Anopheles yupo. Vimelea vilikuja na watu. Baba, ambaye ameugua malaria mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu, alisimama pale kimya muda mrefu. Usiku alijipaka dawa ya mbu mpaka hema zima likanuka.

Asubuhi tukaingia loki ya Newboro, ya kwanza ya kushuka, na hapo ndipo kosa lilipotokea.

Ukiingia loki ya kushuka, chumba kimejaa. Ukingo wa ukuta uko usawa wa kiuno chako, na juu yake vimesimama vigingi vya chuma vinavyokuita. Baba akafanya alichofanya maisha yake yote: akatoka, akaizungusha kamba ya omo kwenye kigingi, akapiga fundo, akarudi botini akakaa. Mimi nilikuwa tezi nahangaika na waya wangu, nikiwa nimempa mgongo. Maji yakaanza kushuka.

Kwanza nilisikia kamba ikilia. Nikageuka. Ilikuwa imekazana kama uzi wa gambusi, ikitoa vitone vya maji, na omo ya boti ilikuwa imebaki juu huku tezi ikishuka na mimi. Birika likateleza sakafuni mpaka miguuni pangu. Msichana wa loki alipiga kelele, mwenzake akakimbia kufunga kilango, maji yakasimama. Wakarudisha kiasi cha maji, boti ikanyanyuka, kamba ikalegea, baba akafungua. Yote hayo hayakufika dakika mbili. Yule msichana hakutugombeza. Aliuliza kama tuko salama, akaelekeza kidole kwenye waya.

Tulitoka malangoni bila neno. Halafu baba akasema, "Fundo lenyewe halikuwa na kosa."

Ningependa hadithi iishie hapo, mimi mjuzi na yeye mgeni. Lakini Newboro ina mtego wa pili, na huo nilinasa mimi. Unapopanda kuelekea chanzo cha maji, maboya mekundu unayaweka mkono wa kulia. Tangu Smiths Falls nilikuwa nafanya hivyo na mkono umeshazoea. Ukishavuka kilele unashuka, kwa hiyo mambo yanageuka: mekundu mkono wa kushoto. Hilo liko kwenye chati, ramani ya majini, na nilikuwa nimelisoma. Ila akili yangu ilikuwa bado kwenye ile kamba.

"Mwanangu," baba akasema kutoka omo, "maji hayo si ya kupita."

"Boya liko kulia, baba."

"Mimi sioni boya. Naona maji."

Mlio wa propela kwenye mwamba hausahauliki. Nilizima, tukatia nanga, nikainyanyua mashine: bawa moja limekunjwa kama sikio la mbuzi. Nilikuwa na propela ya akiba (ushauri wa bure: usiende Rideau bila nayo), lakini sikuwahi kubadilisha. Baba alishuka, maji yakamfika magotini, akachomoa ile pini ya kufungia nati kwa koleo, akaipachika mpya, akaniomba shahamu ya kupaka kwenye shafti. Sikuwa nayo. Akaniangalia. Akapaka mafuta ya kukaangia.

Baada ya hapo tuligawana bila kuongea: yeye macho na kamba ya omo, mimi chati na usukani. Loki za Chaffeys na Davis zilipita bila shida. Jones Falls ni loki nne, umezungukwa na msitu, na pembeni yake kuna bwawa la mawe lililojengwa kama upinde, kimo chake kama mita 19. Nilimwona baba akitazama viungo vya mawe yale jinsi anavyotazama ubao wa jahazi. Malango hufunguliwa kwa mkono: kuna mashine ya chuma yenye mipini miwili, inavuta mnyororo uliozama majini, na wafanyakazi wanaiita kaa. Walimwacha asukume mpini mmoja. "Kaa huyu," akaniambia, akihema, "amekula watu wengi."

Upper Brewers mbili, Lower Brewers moja, halafu Kingston Mills nne za mwisho, treni ikipita darajani juu ya vichwa vyetu wakati sisi tunashuka. Alikuwa ameshika kamba kwa vidole viwili, akiipunguza kadiri boti inavyoshuka, bila glavu.

Oktoba nilipoitoa boti majini, alinipigia simu ya video kutoka Mkokotoni kunisimamia. Nilimwonyesha mashine ikinyweshwa dawa ya rangi ya waridi inayozuia maji kuganda, nikamwonyesha turubai, nikamwonyesha kopo jipya la shahamu bila kuulizwa.

Ile propela iliyokunjwa aliondoka nayo, imefungwa ndani ya kanzu mbili. Walimfungulia sanduku uwanja wa ndege, wakaigeuza geuza, wakamwachia. Fundi wa Mkokotoni aliinyoosha bawa kwa nyundo. Sasa iko nyuma ya boti ya binamu yangu, inatetemeka kidogo ukizidisha mafuta, lakini inasukuma.