Nauli iwe ya mwisho

Nilikuwa mwaka wa tano nachoronga mwamba kwenye migodi ya tanzanite Mirerani nilipoanza kukohoa mfululizo. Vumbi sisi wanaapolo, wachimbaji wa mashimoni, tumelizoea; ukikohoa unakunywa maziwa, unarudi shimoni. Kilichonishtua ni jasho la usiku. Niliamka fulana imelowa chapachapa kama nimenyeshewa. Kituo cha afya walichukua makohozi, wakayapima kwa mashine ya GeneXpert, na siku hiyohiyo nikaambiwa nina kifua kikuu, yaani TB. Dawa bure, miezi sita: miwili ya mwanzo dawa nne kwa pamoja, minne iliyobaki dawa mbili.

Wiki ya sita nikakosea. Shimo letu lilikaa muda mrefu bila jiwe, bosi akaacha kuleta chakula, na mwanaapolo hana mshahara: anaishi kwa posho na mgawo. Nikapanda basi kwenda nyumbani Kondoa bila kumuaga mtu kliniki. Nilikuwa na vidonge vya siku tano. Vilipoisha nilijiona mzima, nakula, silowi tena usiku. Siku tisa sikumeza kitu. Hapo ndipo ugonjwa huu unapotunasa sisi wa kuhamahama: nguvu zinarudi mapema, lakini vijidudu vilivyobaki vikipata nafasi huweza kuizoea dawa, na TB sugu ni mateso mengine kabisa. Niliambiwa hayo siku ya kwanza. Bado nilikaa.

Kilichoniinua ni mpwa wangu wa miaka mitatu, aliyekuwa akilala chumba kimoja na mimi. Usiku mmoja alikohoa mara mbili tu, mimi sikulala tena mpaka kunakucha. Asubuhi tukaenda zahanati. Sikuwa na kadi wala namba ya usajili. Muuguzi hakunifokea, alipiga simu Mirerani, akasubiri, akapiga tena, mpaka jina langu likapatikana kwenye rejista. Mtoto alipimwa, hakuwa na ugonjwa, akaanzishiwa dawa za kinga. Nilipokuwa natoka muuguzi akaniita: "Kaka, siku ukitaka kuhama tena, nauli iwe ya mwisho. Kwanza njoo uchukue barua."

Mwezi wa tatu makohozi yalikuwa safi, nikarudi Mirerani. Safari hii nilibeba barua ya uhamisho, kadi na vidonge vya wiki mbili, na kliniki ya kule ilikwishapigiwa simu kwamba naja. Picha ya kadi niliiacha kwenye simu ya dada, maana simu ya mwanaapolo haidumu. Kadi yenyewe niliitia kwenye kimfuko cha nailoni nilichokuwa nikihifadhia mawe. Drili sikuishika tena, niliomba kazi ya juu, nje ya shimo. Dawa nilimeza alfajiri, kabla ya kupita geti la ukuta unaozunguka migodi.

Baada ya kumaliza dozi nilikwenda hospitali ya Kibong'oto kupiga picha ya kifua, kwa sababu vumbi la mwamba huacha makovu yasiyofutika, na TB hukipenda kifua cha namna hiyo.

Kambini tulikuwa tunalala saba, chumba kisicho na dirisha. Niliwaambia wote ukweli. Wanne walikubali kwenda kupimwa, mmoja akakutwa nao. Tulitoboa dirisha. Mwezi uliopita huyo mmoja alikuja kuniaga, anarudi kwao Singida. Kabla sijamuuliza, alitoa kimfuko mfukoni akanionyesha barua.