Ala ya kadi ya benki, yaani kimfuko cha kuikinga isisomwe, niliyoitengeneza kwa boksi la maziwa

Kadi yenye alama ya mawimbi inasomeka bila kuchomekwa popote. Ndani ya plastiki umepita waya mwembamba uliozungushwa karibu na kingo za kadi. Ukisogezwa kwenye mashine ya malipo, waya huo unapata umeme kutoka kwenye uga wa sumaku (nguvu ya sumaku inayoizunguka) wa mashine yenyewe, ndiyo maana kadi haina betri na bado inajibu. Masafa yake ni megahezi 13.56, na umbali wa kusomeka kwa kawaida hauzidi sentimita 4 hivi. Ni padogo, lakini kwenye foleni ya kushuka boti Malindi ya Unguja, au ndani ya daladala ya Darajani watu walipobanana, sentimita 4 ni mfuko wa kanzu yako na mkoba wa jirani.

Kinachoweza kusomwa namna hiyo ni namba ndefu ya kadi na tarehe yake ya kuisha. Namba ya siri haitoki, wala zile tarakimu tatu za nyuma, na kila malipo ya chipu yanatengenezewa alama ya mara moja ambayo haifai kurudiwa. Kwa hiyo mwizi anabakiwa na maduka ya mtandaoni yasiyouliza tarakimu tatu. Huo ni mlango mdogo, nami niliuziba kwa sababu kuuziba kunataka boksi tupu, mkasi na sindano tu. Mlango mkubwa ni macho ya watu na kamera za simu zao, ndiyo maana nilitaka ala inayoficha maandishi pia, si mawimbi peke yake.

Nilianza na foili ya jikoni. Inazuia vizuri, kwa sababu uga wa sumaku ukigonga alumini unazusha mkondo wa umeme ndani yake, na mkondo huo unaupinga uga uliouleta. Tatizo ni uhai wake. Foili inapasuka kwenye mikunjo, mdomoni inachanika kila ukichomoa kadi, na jasho pamoja na chumvi ya hewa yetu ya pwani vinaitoboa vitundu. Pakiti za krispi nazo zinang'aa kwa ndani, lakini mng'aro ule ni utando mwembamba mno kuliko foili, sikuutegemea.

Boksi la maziwa au juisi ya kukaa muda mrefu bila friji ndilo lililonifaa. Limeshabanwa tabaka kwa tabaka: karatasi ngumu, alumini, na plastiki juu yake, kwa hiyo jasho haliigusi alumini. Lichane utazame ndani. Likiwa la fedha, chukua. Likiwa jeupe, ni boksi la maziwa ya friji, halina alumini, tupa. Lioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni mara mbili, ulikaushe kivulini. Mafuta ya maziwa yakibaki kwenye pembe, pochi itanuka na sisimizi watakuja.

Kadi za benki zote zina kipimo kimoja: milimita 85.6 kwa 54, unene milimita 0.76. Kipande ninachokata ni milimita 128 kwa 101. Hapa ndipo nilipokosea mwanzo, kwa hiyo nitaeleza taratibu. Boksi la lita moja lina mikunjo yake ya zamani kwenye pembe, na mkunjo huo ukiangukia katikati ya ala, ala itapindika hapo hapo kila siku mpaka alumini ikatike. Tafuta boksi lenye upande mpana wa kama sentimita 9 na nusu. Upande wa milimita 128 uende na urefu wa boksi. Ule wa 101 uzunguke pembe: milimita 89 zikae kwenye upande mpana, 12 zivuke pembe. Hivyo mkunjo wa zamani unakuwa kitako cha ala. Boksi moja linatoa ala mbili.

Kwenye zile milimita 128, piga mistari miwili kwa kalamu iliyoisha wino: mmoja kwenye 58, wa pili kwenye 116. Unapata uso wa mbele, uso wa nyuma, na ulimi wa pembeni wa milimita 12. Ulimi wa chini, yaani zile milimita 12 zilizovuka pembe, ubaki kwenye uso wa nyuma tu, kwengine ukate. Kunja uso wa mbele ulale juu ya wa nyuma, fedha iwe ndani, halafu ndimi zote mbili zije juu ya uso wa mbele. Zipandane. Usiziunge ukingo kwa ukingo, maana hapo unaacha mwanya.

Gundi ya skuli haishiki kwenye plastiki ya boksi. Selotepu inashika, lakini kwa joto letu gundi yake inayeyuka na kuingia kwenye kadi. Stepla inakwaruza chipu. Mimi nashona, kwa sindano nyembamba na uzi wa kofia, mishono kumi pembeni na mitano chini, huku kipande cha kadibodi kikiwa ndani ili sindano isipite upande wa pili. Vitundu vya sindano havipitishi kitu. Mdomoni kata nusu duara upana wa sentimita 2, kina milimita 8, upande mmoja tu, dole gumba lipate kushika kadi.

Kisha jaribu. Simu ya Android yenye NFC, yaani kifaa cha kusoma mawimbi kama haya ya kadi, ukiiwasha kioo na kuigusisha kadi mgongoni, italia au kutetema. Kwanza ijaribu kadi ikiwa nje ya ala mpaka ujue antena ya simu iko wapi, halafu itie ndani ya ala uigusishe mbele, nyuma, kingo zote nne, na mdomo. Kadi ikichomoza sentimita mbili nje huenda ikasomeka, ndiyo sababu ala ni ndefu kuliko kadi kwa milimita 3. Kuweka foili upande mmoja tu wa pochi ni kubahatisha: kadi ikikaa mbali nayo kidogo, inasomeka upande wa pili. Na kubananisha kadi mbili pamoja si kinga. Mashine ya dukani hukataa ikiona mbili, lakini kifaa cha kusomea kinaweza kuzitenganisha.

Sasa macho. Namba iwe imeelekea kiganjani unapochomoa. Tarakimu tatu za nyuma nilizihifadhi kichwani, nikazipaka maka peni nyeusi. Usibandike stika wala selotepu, kwa sababu ndani ya ATM inaweza kubanduka na kadi ikakwama. Kwenye mkahawa wa Paje au Nungwi, akija mhudumu mwambie, "Samahani kaka, niletee mashine hapa," wala usimwachie aende nayo jikoni. Picha ya kadi kwa WhatsApp usitume, hata anayeiomba awe mpokea wageni wa hoteli mwenye adabu zote. Hapo ala haina kazi tena.

Pochi za kufunga kwa sumaku ziepuke, hasa ukibeba funguo za kadi za hoteli, maana mkanda wao wa sumaku unafutika upesi kuliko wa benki.

Ala ikianza kuonyesha mstari mweupe kwenye mkunjo, ipime tena kwa simu siku hiyo hiyo. Ikilowa kwa mvua ya masika, kingo zilizokatwa hunywa maji na karatasi huvimba. Hiyo haikauki ikarudi sawa, shona nyengine.