Suti za saizi yetu ziko wapi?

Jamani, navaa saizi 22 na hela ya suti nzuri ninayo. Suti ndiyo haipo. Duka moja la nguo za ofisini hapa Dar saizi zao zinaishia 16. Muuzaji akanielekeza kwenye madera. Dera nalipenda sana, ila siendi nalo kwenye kikao cha bodi!

Hata hizo kubwa zinazopatikana, nyingi zimekuzwa tu kutoka kipimo cha mwembamba: mabega yanamwagika, mkono unabana, kifua hakifungi. Mwili haunenepi hivyo. Fundi wangu anajua, hupima mkono wa juu, kifua, tumbo na nyonga kila kimoja peke yake. Lakini kuna siku nataka nguo leo leo, nijaribu, nilipe, niondoke nayo. Wenye maduka, tuleteeni. Mimi nianzieni na ya bluu iliyokoza, yenye bitana na mifuko.