Kompyuta ya mezani iliyoganda kila ikipewa kazi nzito: nilivyoipata hitilafu

Mashine yenyewe ina prosesa ya AMD Ryzen 5 3600, kadi ya picha RX 580, pawa saplai ya wati 550 na vijiti vinne vya RAM ya DDR4, kila kimoja GB 8. Kuandika na kuperuzi haikuwa na shida. Ikianza kurenda (kukokotoa picha za mwisho za 3D) kwa programu ya Blender, ndani ya dakika ishirini picha inasimama, sauti inakwama, kipanya hakisogei, ila feni bado zinazunguka.

Tazama kwanza inavyokufa. Joto likizidi, prosesa hujipunguzia kasi, na likipanda zaidi mashine huzima. Pawa saplai ikielemewa, mara nyingi mashine huzima au hujiwasha upya ghafla. Kuganda huku umeme upo hunifanya nishuku RAM, kadi ya picha au diski. Hata hivyo dalili hizi huingiliana, kwa hiyo sikuruka hatua.

Kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows, kulikuwa na ujumbe wa Kernel-Power 41. Wengi wakiiona hukimbilia kununua pawa saplai. Ujumbe huo unasema tu kwamba Windows haikuzimwa kwa utaratibu; hata ukizima kwa kushikilia kitufe, utaandikwa.

Niliwasha HWiNFO, programu ya kusoma joto na volti, na kuiamuru iandike vipimo kwenye faili, maana mashine ikishaganda huwezi kuamini kilichobaki kwenye skrini. Mstari wa mwisho ulionyesha prosesa nyuzi 93, na kikomo cha prosesa hii ya 3600 ni 95. Nikapuliza vumbi kwa bloa huku nimezuia feni kwa kidole, isizungushwe kupita kiasi ikaharibika. Pesti inayopitisha joto kutoka kwa prosesa kwenda kwenye kipoozeo chake ilikuwa imekauka. Angalizo kwa soketi ya AM4, inapokaa prosesa hii: washa mashine dakika chache pesti ilainike, izime na uchomoe waya wa umeme, kisha zungusha kipoozeo taratibu kushoto na kulia kabla ya kukinyanyua. Ukikivuta kikavu, prosesa hung'oka nacho na pini hupinda. Nilisafisha kwa spiriti ya isopropili, nikaweka pesti mpya kiasi cha punje ya njegere. Joto likashuka hadi 76.

Bado iliganda.

Hapo nikaanza kukilemea kifaa kimoja kimoja. Prime95, programu ya kulemea prosesa na RAM, kwa jaribio la Small FFTs, ambalo huichosha prosesa bila kuigusa sana RAM: saa nzima, salama. FurMark, inayolemea kadi ya picha, dakika 20: salama, na laini ya volti 12 ya pawa saplai haikushuka chini ya 11.9 (inaruhusiwa hadi 11.4). Prime95 kwa jaribio la Blend, linalojaza RAM: ikaganda dakika ya saba.

MemTest86, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi ilitoa makosa katika mzunguko wa pili. Nikajaribu kila kijiti peke yake, kwenye tundu lile lile la pili kutoka kwa prosesa, mizunguko minne kila kimoja. Ni kazi ya siku nzima na inachosha, lakini ukiikwepa utatupa kijiti kizima. Vyote vinne vilipita.

Kwa hiyo kasoro ilikuwa kuvikusanya. Zilikuwa jozi mbili zilizonunuliwa nyakati tofauti, zote kwa XMP (mpangilio wa kasi uliohifadhiwa ndani ya kijiti) ya MT/s 3200. Profaili ya XMP hupimwa kwa vijiti vya pakiti moja. Isitoshe, AMD inaihakikishia 3600 kasi ya 3200 kwa vijiti viwili tu. Vikiwa vinne ni 2933 kama ni vya safu moja ya chipu, au 2667 kama ni vya safu mbili.

Kwenye BIOS, mipangilio ya ubao mama, nikaacha volti ya RAM 1.35, nikashusha kasi hadi 2933. Kosa moja likabaki. Nikashusha hadi 2666: makosa sifuri, na Blend ikaenda saa sita bila kuganda. Muda wa kurenda haukubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Anayenunua leo achukue vijiti viwili vya GB 16 vya pakiti moja, avipachike tundu la pili na la nne.