Mita mia nne za Goba

Mlioondoka Dar zamani kama mimi, enzi zile ukisema umenunua Goba watu wanakuuliza kama umeamua kufuga nguruwe, mkirudi msidanganywe na lami. Lami ipo, tena nzuri. Unatoka Tangi Bovu, unapanda, unafika Goba hujameza hata chembe ya vumbi. Ukitaka unateremka mpaka Mbezi Mwisho, ukitaka unakata Madale. Nikajisemea kumbe nchi imesonga. Kisha dereva akakata kushoto kuingia kwetu, akazima injini. "Bosi, mimi naishia hapa. Gari ya watu hii."

Kutoka lami mpaka getini kwa Mama ni kama mita mia nne. Miaka yote niliyokaa Sweden haikunizeesha kama hizo mita mia nne.

Mnakumbuka palivyokuwa. Mikorosho, miembe, na mzee mwenyeji anayekukatia kipande kwa hatua za miguu, karatasi inaandikwa mbele ya mjumbe, mashahidi wanatia dole gumba. Njia haikuandikwa popote. Watu waliambiana tu "tutaachiana njia", na kweli wakaachiana. Mvua ikichimba, mjumbe anapita jioni kugonga milango, Jumamosi majembe yanatoka, anayeumwa mgongo anachemsha chai. Marehemu baba alikuwa hodari wa kusimamia kuliko kulima, lakini alikuwepo.

Sasa kuna kuta. Kila mtu ana ukuta, juu ya ukuta chupa zilizovunjwa, na juu ya chupa nyaya za umeme. Jirani unamjua kwa rangi ya geti. Na badala ya mjumbe kugonga mlango kuna grupu la WhatsApp, ambalo niliunganishwa kabla sijafungua masanduku. Kitu cha kwanza kusoma nchini kwangu ilikuwa listi: "Mchango wa kifusi na greda, kila kaya 150,000." Majina yakafuata. Aliyelipa ana tiki ya kijani, aliyelipa nusu kaandikiwa deni lake kwenye mabano mchana kweupe, ambaye hajalipa ana nukta nukta kama mtihani wa kujaza nafasi. Listi inarushwa asubuhi, inarushwa tena usiku, ili mwenye nukta asilale.

Wenye nukta wana hoja, msifikiri hawana. Mama wa fremu, aliye pale mdomoni kabisa, anasema wateja wake wanasimama lami, ya huko ndani atengeneze ili iweje. Wapangaji wa nyumba ya kijani wanasema aulizwe mwenye nyumba. Mwenye nyumba yuko Mwanza, akiulizwa anajibu kwa picha ya mikono miwili inayoomba. Mwenye mashine ya tofali, ambaye Fuso zake ndizo zinazotukoroga, anasema atatoa tofali zilizovunjika, hela hana. Daktari mstaafu alilipa wa kwanza, halafu akaandika kwamba binafsi haoni haja, barabara mbovu ni mlinzi: mwizi wa gari hawezi kukimbia humu.

Mimi nikaona hili nalimudu. Nilikuwa naendesha basi Uppsala, na nilikokuwa nikiishi, kijijini nje ya mji, barabara ilikuwa yetu wenyewe. Sehemu kubwa ya barabara za kule si za serikali wala za manispaa, ni za wanaoishi kando yake, na kuna sheria za mwaka 1973 zinazosema wazi nani anabeba nini. Kila kiwanja kina fungu lake, linapigiwa hesabu kwa umbali unaoutumia na uzito unaoupitisha. Mwenye trekta na malori analipa kuliko bibi mwenye baiskeli. Ukikataa, listi ya madai yenyewe inatosha kupelekwa kwa idara ya kukusanya madeni, hakuna haja ya kwanza kufungua kesi. Wasweden nao wanagombana, tena kwa kahawa na mikate ya mdalasini mezani, nimeona wazee wawili hawasalimiani kwa sababu ya theluji. Ila wanagombania namba.

Nikaandika yote hayo kwenye grupu, kwa ufasaha, na mchoro. Ukimya. Kisha: "Mswidi, karibu nyumbani." Mama wa fremu akaunga mkono kwa nguvu zote, maana kwa hesabu hiyo yeye halipi karibu chochote. Daktari akatoa kikokotoo, akagundua kwamba anayelipa nyingi kuliko wote, ukimwondoa wa Fuso, ni sisi wa mwisho wa njia, yaani mimi mwenyewe. Nikajibu sawa, nitalipa. Hakuna aliyetegemea jibu hilo. Baada ya muda mtu akarusha picha ya maua ya "uwe na Jumapili njema", na ilikuwa Jumatano.

Lakini hela si kiini cha ugomvi. Hilo nilijifunza siku greda lilipokuja. Mwendeshaji hakushuka hata kwenye kiti, alitazama mbele, akatikisa kichwa: mtambo haupiti. Katikati ya njia, pale panapoanza mteremko, kuna ukuta uliosogea. Zamani hapo gari mbili zilipishana. Leo IST moja inapita kwa kukunja kioo cha pembeni. Na kwa kuwa njia imebanwa, maji yote ya juu yanapita hapohapo kwa kasi, yanachimba, ndiyo hilo korongo tunalochangia kulifukia kila masika. Tunanunua kifusi, mvua inakishusha mpaka bondeni kwa watu wengine.

Mwenye ukuta tunamwita Mzee wa Kimara. Nikaenda kwake nimejiandaa kwa vita, nina picha ya zamani kwenye simu inayoonyesha njia ilivyokuwa. Shikamoo. Marahaba, mwanangu, karibu kiti. Chai ya rangi ikaja na tangawizi kali. Hakuitazama picha. Aliingia ndani akatoka na bahasha ya kaki, akaimwaga mezani: risiti za umeme, za maji, za kodi ya majengo, zilizopauka mpaka wino umebaki kivuli. Za nyumba ya Kimara, ile iliyowekwa X nyekundu na kubomolewa mwaka 2017, upanuzi wa Barabara ya Morogoro ulipopita. Waliambiwa wamo ndani ya hifadhi ya barabara. Fidia, anasema, hakuona hata ya mlango. Akapanga risiti kwa mwaka, polepole, kama mtu anayecheza karata peke yake.

"Mwanangu, kila barabara inaanza na kifusi," akasema. "Kifusi kinaleta greda, greda linaleta lami, lami inaleta kijana mwenye kopo la rangi nyekundu. Mimi nimeshapisha. Safari hii barabara ndiyo inipishe."

Nikamwambia huku si Kimara, hiki ni kichochoro cha mikorosho, nani atakileta kuwa barabara kuu. Akacheka. "Na Kimara ilikuwa msitu."

Nilimhurumia mpaka nilipofika getini. Hapo nikakumbuka kwamba Mama, mwenye presha na goti bovu, kila mwezi anateremka kwa miguu kwenda kupanda bajaji lami, na mahali penye korongo anaushika ukuta huohuo asianguke. Mtu kaonewa, sikatai. Ila aliyemwonea si Mama.

Mvua zilipokolea Fuso la tofali likakwama hapo hapo, alfajiri, likaziba kila kitu. Watu wakatoka na stuli. Nasema kweli, na stuli, na vikombe vya chai, kumtazama dereva akichimba. Nilicheka na mimi, ilichekesha, tajiri wa tofali kafunga suruali magotini anasukuma. Kisha mke wa kijana mmoja wa nyumba ya kijani akashikwa na uchungu. Akapakiwa kwenye bodaboda, katikati ya dereva na shangazi yake, wakapenyezwa ubavuni mwa lori huku watu wamelishikilia lisilale. Na katikati ya vicheko nikasikia sauti ya mtu mzima: "Huyo mpangaji, hachangii." Alijifungua salama, Mungu ni mwema. Aliyesema vile ana tiki ya kijani.

Sasa nyie mnaopanga kurudi, au mnaotuma hela za kujenga, nisikilizeni kabla hamjafika. Msitume hela ya kifusi, tumeni kifusi: alipwe mwenye lori akishamwaga, si mweka hazina. Mtaro kwanza, kifusi baadaye, maana maji yasipopewa njia yatachukua yenu. Msikubali ule udongo mwekundu wa kunata, ukilowa ni sabuni. Dai moramu yenye changarawe, na ishindiliwe. Msidhani TARURA itakuja kwa sababu mmelalamika. Tangu 2017 ndio wenye barabara za mijini na vijijini, lakini njia iliyozaliwa kwa watu "kuachiana" haimo kwenye mtandao wao mpaka iingizwe. Mnaponunua, ulizeni upana wa njia kwenye mchoro wa mipango miji, si pale chini, na pigeni picha bikoni, yale mawe ya mpaka, siku hiyohiyo, bikoni za Dar zinatembea usiku. Na asikutishe mtu na Baraza la Kata: tangu 2021 kwenye ardhi linasuluhisha tu, halihukumu. Likishindwa, safari ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko jiandae kuzeeka.

Nilitaka kwenda huko. Mama akaniambia nikienda nitafute pia wa kumzika, kwa sababu hao ninaotaka kuwashitaki ndio watakaobeba jeneza.

Kwa hiyo tukakaa, Jumapili baada ya kanisa, chini ya mwembe wa daktari. Daktari anatoa mita moja upande wake, michongoma ing'olewe, mtaro upite huko, ila anataka matuta mawili ili bodaboda zisikimbie. Mwenye tofali anatoa tofali nzima safari hii. Mama wa fremu katoa soda. Ukuta haubomolewi. Na Mzee wa Kimara, ambaye listi zote alikuwa nukta nukta, akasimama akasema karavati atanunua yeye, lote, kwa sharti moja: iandikwe karatasi, kila kaya isaini, kwamba hakuna mtu wa njia hii atakayeomba ichukuliwe na serikali, leo wala kesho, na lami hatuitaki.

Watu wakapiga makofi. Karatasi hiyo haina nguvu yoyote kisheria, na nadhani kila aliyekuwepo anajua. Inazungushwa na mjumbe nyumba hadi nyumba kwenye faili la plastiki ili isilowe. Mama ameshasaini bila kuniuliza. Mimi nimewaambia nisome kwanza.