Nilivyozoea kusimamia dawa ya kuacha pombe nyumbani

Swali ninaloulizwa zaidi na wake na akina mama ni hili: naweza kuisaga nikamtilia kwenye chai bila yeye kujua? Jibu langu ni hapana, na hapo sibembelezeki.

Disulfiramu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Antabuse, haiondoi hamu ya pombe. Inazuia kimeng'enya cha ini kinachovunja asetaldehaidi, sumu inayotokana na pombe ikishaingia mwilini. Mtu akinywa, sumu hiyo inarundikana. Ndani ya dakika 10 hadi 30 uso unawaka, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, anatapika, anahema kwa shida, na presha inaweza kushuka ghafla. Asiyejua kilichomo tumboni mwake atamimina waragi kama kawaida yake, na anaweza kufia hapohapo kilabuni. Tena nguvu ya dawa hii iko katika kujua. Aliyemeza asubuhi huku akijua, jioni hukipita kilabu bila kugeuka. Aliyetiliwa kwenye chai ataona tu kwamba anaumwa, pengine aseme amerogwa, na siku atakapogundua hatakula tena chakula cha mikono yako.

Akikubali kwa kinywa chake mwenyewe, kinachofuata ni hospitali, si duka la dawa. Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili pale Kampala, wana kitengo cha pombe na dawa za kulevya, na hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili. Apimwe ini, presha, moyo na sukari; mwanamke apimwe na ujauzito. Mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi, mwenye ini lililoharibika vibaya au anayesikia sauti zisizokuwepo, hafai kwa dawa hii. Hata mwenye mzio wa mpira aseme mapema, kwa sababu kemikali hii ni ndugu wa zile zinazotumika viwandani kukaza mpira.

Taja dawa zote anazomeza. Hapa kwetu mbili ndizo zinazoleta balaa. Ya kwanza ni metronidazoli, ile Flagyl inayotolewa kwa kuhara na kwa jino; ikikutana na disulfiramu inaweza kumvuruga mtu akili. Ya pili ni isoniazidi ya kifua kikuu, ambayo wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI hupewa kama kinga. Zikichanganyika mtu anaweza kuyumba akitembea na kubadilika tabia. Fenitoini ya kifafa na warfarini ya kuzuia damu kuganda nazo hupanda mwilini kupita kiasi.

Sasa jambo ambalo familia nyingi hulikimbilia vibaya. Mtu anayetetemeka asubuhi mpaka apate glasi ya kwanza asikatishwe pombe ghafla nyumbani. Degedege linaweza kumpata kati ya saa 6 na 48 tangu glasi ya mwisho, na kuanzia siku ya pili au ya tatu anaweza kuchanganyikiwa, akaona wadudu ukutani na kuungua kwa homa. Hiyo inaua. Huyu anahitaji kitanda cha hospitali, diazepamu au dawa ya jamii hiyo kwa kipimo kinachopunguzwa kila siku, na sindano za thiamini, yaani vitamini B1, ambazo inafaa zitangulie dripu ya sukari. Disulfiramu huja baada ya hapo. Kanuni ya chini kabisa ni saa 12 bila tone la pombe, lakini mimi naanza baada ya siku nzima, saa 24, maana anayekwambia alikunywa mwisho jana mchana mara nyingi aliongeza kidogo usiku.

Kipimo hupangwa na daktari. Kwa kawaida ni miligramu 500 mara moja kwa siku kwa wiki moja au mbili, kisha 250 kila siku. Soma pakiti kila unaponunua, kwa sababu vidonge huja vya 200, 250 na 500, na famasi inaweza kukubadilishia bila kukwambia. Usizidishe 500 kwa siku eti ili ashike adabu.

Kumeza ndiko kwenye kazi yenyewe. Kidonge kikavu hufichwa chini ya ulimi au shavuni, kisha hutemwa chooni. Mimi nakiponda, nakikoroga kwenye nusu glasi ya maji mbele yake, anakunywa, naongeza maji kidogo kusuuza glasi, anamalizia, halafu tunakaa tukizungumza habari nyingine kama dakika kumi. Asubuhi ni bora, kabla marafiki hawajapiga simu. Ikimletea usingizi mchana, hamishia usiku. Maneno nayo yana uzito. "Baba watoto, dawa yako hii, asante kwa jana" yanamezeka. "Kunywa nikuone" yanageuza kidonge kuwa kesi. Kama mke na mume hawasikilizani, msimamizi awe mtu mwingine: kaka, shangazi, hata jirani anayeheshimika.

Pombe iliyojificha inashangaza watu. Dawa nyingi za kikohozi za maji, maji ya kusukutulia kinywa, manukato, losheni ya baada ya kunyoa, sanitaiza, vyote vinaweza kumwasha uso. Malwa, tonto na kwete ni pombe hata kama mzee wa ukoo anaviita kinywaji cha heshima. Bushera, ule uji wa nafaka, ikilala siku kadhaa ikachacha, nayo aiache. Anayepokea divai kanisani azungumze na padri au mchungaji wake mapema.

Wapo wanaotaka kumpa glasi moja "tuone kama dawa inashika". Msifanye hivyo. Akinywa kwa bahati mbaya au kwa makusudi, mlaze chali miguu ikiwa juu kidogo. Akitapika mgeuze ubavu. Usimtapishe. Kifua kikimbana, akizimia au akipumua kwa shida, tafuta gari mara moja, na mwambie sista neno disulfiramu kabla hajauliza. Awe na kikaratasi mfukoni chenye jina la dawa na kipimo chake.

Ini lipimwe tena baada ya wiki mbili hivi, kisha kwa ratiba ya kliniki. Macho ya njano, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, kuwashwa mwili, maumivu chini ya mbavu za kulia: dawa isimame siku hiyohiyo na aende hospitali, hata kama hajagusa pombe. Ganzi miguuni nayo iripotiwe. Ladha ya chuma au ya kitunguu saumu mdomoni ni ya kawaida na hupungua. Kama mwili unaikataa, aulizie naltreksoni, ambayo hupunguza raha ya pombe na haina ukali huu.

Mtego mkubwa ni kalenda. Dawa hukaa mwilini hata siku 14 baada ya kidonge cha mwisho, na wanywaji hujifunza hesabu hiyo haraka. Kuna harusi, kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi), matanga au Krismasi, na wiki mbili kabla yake kidonge kinaanza kumuuma tumbo. Ukisikia malalamiko hayo, angalia tarehe kwanza, kisha muulize kwa upole amepanga nini siku ile. Kama tumbo linauma kweli, kliniki itaona. Kama ni sherehe, pangeni pamoja atakaa na nani, atakunywa nini, na ataondoka saa ngapi, na kidonge cha asubuhi hiyo kinywewe kabla hajavaa kanzu.