Jipsofila ya msimu mmoja kwenye udongo wa kichanga wa Mwanza

Jipsofila ninayopanda si ile ya mashamba ya maua inayokaa ardhini miaka na kukatwa tena na tena. Hii ni Gypsophila elegans: inaota, inachanua na kufa ndani ya msimu mmoja. Shina lake ni jembamba kama njiti, na maua yake meupe ya petali tano, upana wa kama sentimita moja, hukaa juu ya mmea kama povu. Asili yake ni Uturuki, Kaukasi na Irani, kwenye miteremko ya mawe na udongo wenye chokaa. Ukikumbuka hilo, mengi yanayoiharibu huku kwetu yanaeleweka.

Mawe Mwanza tunayo, ila ni matale (graniti), na udongo wake, ule Wasukuma wanaouita luseni, ni kichanga chepesi chenye uchachu. Wepesi ni faida, maji hayatuami. Uchachu ndio wa kushughulikia. Wiki 3 kabla ya kusia natawanya chokaa ya kilimo gramu 150 kwa kila mita moja ya mraba na kuichanganya hadi kina cha sentimita 15. Iwe chokaa ya kilimo kweli, si mabaki ya chokaa ya fundi rangi. Ile huunguza miche. Samadi naweka nusu ndoo tu kwa mita ya mraba, iliyooza mpaka haina harufu, na siiweki siku moja na chokaa kwa sababu naitrojeni hupotea hewani. Samadi ya kuku siitumii kabisa. Mmea unanenepa, unajaa majani, kisha unalala chini kabla haujachanua.

Tuta liinuke sentimita 20. Aliye kwenye mfinyanzi mweusi wa mbuga ainue 30 na kuchanganya mchanga mwingi, na hata hivyo asitegemee makubwa.

Wakati wa kusia ndio unaowashinda wengi, maana tumezoea kufuata mvua. Jipsofila inataka mvua iishe. Naanza mwisho wa Mei, masika yakishakatika, na kurudia kila baada ya siku 15 hadi katikati ya Julai, ili ikue katika miezi ambayo usiku unapoa. Ya Oktoba hukutana na joto, ikachanua ikiwa fupi, halafu mvua ya vuli inailaza chini. Kurudia nako si hiari: tuta moja huchanua wiki 2 au 3 basi, na ukishakata usitarajie lichipue upya.

Mbegu ni ndogo. Nusu kijiko cha chai naichanganya na vikombe viwili vya mchanga mkavu, kisha namimina kwenye vifereji vilivyoachana sentimita 20 na kufunika kwa udongo usiozidi milimita 3. Ukifukia kina cha mahindi hutaiona tena. Naisia palepale itakapokulia, kwa kuwa mzizi wake mkuu haupendi kuhamishwa. Kingo za tuta napaka majivu, la sivyo sisimizi wanahamisha mbegu usiku mmoja.

Hadi iote, kati ya siku 7 na 12, namwagilia kwa keni ya matundu madogo asubuhi na jioni, kiasi cha kulowesha uso tu. Ikishaota, jioni naacha. Udongo unaolala umelowa huleta kinyausi: mche unasinyaa shingoni usawa wa ardhi na kuanguka, na ukiona mmoja, kesho ni kumi. Ng'oa na udongo wake, punguza maji, ondoa kivuli. Mche uliokatwa safi kama kwa wembe ni kazi ya sota, kiwavi mkata miche; fukua sentimita chache kando yake utamkuta amejikunja.

Ikiwa na majani manne hadi sita napunguza, nikibakiza mche mmoja kila sentimita 10 kwa maua ya kukata, au 20 kwa ya kupamba bustani. Inauma kung'oa miche mizima, lakini iliyosongamana huoza katikati. Kuanzia hapo ni lita 10 kwa mita ya mraba kila siku ya tatu, asubuhi, chini kwenye shina.

Upepo wa mchana kutoka ziwani huvunja mashina kwenye vifundo. Mimea ikifika sentimita 15 nachomeka vijiti pembeni mwa tuta na kufunga kamba ya katani kama wavu, kimo cha sentimita 20, mimea ipenye yenyewe. Ukingoja ilale ndipo uifunge, vichwa vinapinda.

Wiki ya 8 au 9 nakata asubuhi, nusu ya maua yakiwa wazi na mengine vitumba. Majani yatakayozama majini yote yatoke. Kwa wapambaji wa harusi onyo ni moja: msiisafirishe wala kuihifadhi pamoja na ndizi mbivu au maembe. Gesi ya ethilini inayotoka kwenye matunda yanayoiva hunyausha maua haya upesi, na lawama huja kwa mkulima.

Mashina machache nayaacha yakauke kwa ajili ya mbegu. Vifuko vikiwa kahawia, kabla havijapasuka, navikata na kuvitia kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki.